Mstari wa Nne Ndani ya Mpini

Bi Amna binti Hilali hakuwa mtu wa kubahatisha. Katika ukoo wao, ukitaka kujua nani alizaliwa mwaka gani au nani kazikwa ubavuni mwa nani, ulikwenda kwake. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, mistari imepigwa kwa rula, mwandiko wa msichana aliyemaliza kidato cha nne enzi ambazo mwandiko mbaya ulichapiwa bakora. Ndugu wakibishana msibani, mmoja akiuliza, "Daftari la Shangazi linasemaje?" ubishi huishia hapo.

Jioni ile ya Alhamisi aliingia Kariakoo peke yake, mkoba ameukumbatia kifuani. Ndani ya mkoba mlikuwa na wembe.

Ulikuwa wembe wa kukunja wa babu yake, Nasoro. Kwao nywele za kwanza za mtoto hazikuguswa na chuma kingine. Siku ya saba mkubwa wa ukoo anashika wembe, ananyoa kuanzia kulia, na wembe ukifika utosini ndipo baba analitaja jina kwa sauti, watu wakalisikia kwa mara ya kwanza. Kisha upande wa kushoto unamaliziwa. Sasa mkubwa alikuwa yeye, na kesho asubuhi ilikuwa zamu ya mtoto wa Muaz na mkewe Dalia. Muaz alikuwa mwana wa Azzan, marehemu kaka yake.

Mchana ule alipoutoa wembe kabatini ili aupake mafuta, alikuta mpini wa pembe umepasuka, kutoka katikati hadi mkiani. Ukiufungua, chuma kilicheza. Na utosi wa mtoto wa siku saba ni laini kama utandu wa maziwa.

"Shangazi, si tununue hata kiwembe cha dukani?" Muaz alisema.

Bi Amna alimtazama mpaka akaomba radhi.

Fundi aliyeelekezwa alikuwa Mtaa wa Narung'ombe, kwenye nyumba ya zamani ya bati iliyobaki imebanwa na maghorofa mawili. Unaingia kwenye ukumbi mrefu, unapita vyumba vilivyogeuzwa stoo za mabegi na vyombo, unafika cha mwisho. Chumba kilikuwa na mlango mmoja wa nondo. Dirisha lilikuwepo, lakini ghorofa la jirani lilipojengwa, ukuta wake ulikuja ukasimama hapohapo. Ukinyoosha mkono nje unagusa saruji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Shukuru?"

"Ndiye mimi, Shukuru wa visu na mikasi. Karibu. Jihadhari na kiti hicho, kina mguu mbovu."

Nyuma ya chumba kulikuwa na kiti kizito cha kinyozi, cha chuma, kimefunikwa shuka na kimeelekezwa dirishani. Bi Amna akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akafungua kitambaa. Fundi akapiga mluzi.

"Duh! Huyu mzee ni wa lini?"

"Aliingia nyumbani kabla baba yangu hajazaliwa."

"Na makali yote haya? Mama, huyu akishuka mtaani, vijana wote wanaonyoa viduku wanahama Bongo."

Bi Amna hakucheka. "Mpini unatengenezeka?"

"Huu hapana. Pembe ikipasuka kwa urefu hivi, ukiitia gundi inakudanganya siku mbili tu. Nakuwekea wa mpingo. Nikienda kwetu Masasi huwa narudi na vipande." Akachagua viwili vyeusi vilivyokwisha kupasuliwa vyembamba. "Sasa hivi tu, unaondoka nao."

Akaubana wembe kwenye jiriwa, akachukua keekee, akaanza kutoboa vichwa vya vile vijipini vya shaba vilivyoshikilia mpini. Harufu ikajaa chumba. Harufu ya nywele zinazoungua.

"Ni pembe hiyo," fundi alisema. "Ni ndugu wa nywele na kucha. Ikipata moto inanuka hivyohivyo."

Vijipini vikatoka. Mpini ukaachana, pande mbili, kama ganda. Shukuru akaangalia ndani, akasogea kwenye taa.

"Mama. Humu kumeandikwa."

Yalikuwa majina. Yamechorwa kwa ncha ya sindano, kwa herufi za Kiarabu, madogo madogo, moja chini ya jingine. Bi Amna akavaa miwani. Zuwena. Hilali, baba yake. Moza. Halafu mstari wa nne, ambao haukusomeka. Ulikuwa umekwanguliwa. Ufa ulianzia hapo.

Chini yake Sefu. Salma. Azzan. Amna, yeye mwenyewe. Akaendelea kushuka mpaka la mwisho, Idi.

Mistari kumi na minne.

"Nani alikuwa akiufungua?" fundi aliuliza.

"Haujawahi kufunguliwa."

"Hata mimi naona." Shukuru aliviviringisha vijipini kiganjani. "Shaba ikigongwa mara ya pili inaacha alama. Hivi vimegongwa mara moja tu, hukohuko vilikotoka. Sasa huyo mwandishi aliandikaje?" Akacheka, cheko fupi, kisha akakohoa.

Bi Amna akarudi kwenye mstari wa mwisho. Idi, wa mwisho kunyolewa kwa wembe ule, alikuwa na miaka minane tu. Na kwa miaka ishirini wembe ule ulikuwa kabatini mwake, ufunguo shingoni mwake.

Shukuru akarudi kazini, ngumi yake ikienda na tupa juu ya mpingo, kisha msasa. Hakutania tena. Alipomaliza kulainisha akavuta droo, akapekua, akasonya.

"Waya wa shaba umeniishia. Nakimbia hapo mbele kabla hawajafunga. Dakika kumi." Akasita mlangoni. "Nikufungie, mama? Juzi kaingia kibaka hapa mchana kweupe, kaondoka na mashine mbili za watu."

Bi Amna akautazama wembe uliolala mezani bila mpini. "Fungia."

Kufuli likalia. Kandambili zikaenda zao ukumbini, zikapotea. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Kutoka barabarani alisikia mageti ya maduka yakiteremshwa, magurudumu ya mkokoteni, mwanamke akimtukana mtu kwa kucheka.

Halafu hakusikia kitu.

Hakuna aliyezima taa. Taa iliwaka vilevile. Ila sauti za Kariakoo yote zilikatika kwa pamoja, kama mtu amefunga mlango mnene.

Harufu ya nywele za kuungua ikawa bado ipo. Chini yake ikaja nyingine. Ubani... na mafuta ya nazi. Harufu ya chumba cha mzazi aliyejifungua juzi.

"Zuwena," sauti ikasema.

Bi Amna akashika mkoba.

"Hilali. Moza."

Ilitoka kwenye kiti cha kinyozi. Ilikuwa sauti ya mzee, nyembamba, isiyo na haraka.

"Nani huyo?"

"Endelea wewe. Si ndiye mwenye daftari?"

Akasimama, akalishika geti la nondo, akatikisa. Kule mwisho wa ukumbi mchukuzi alipita na maboksi kichwani. "Kijana! We kijana!" Bi Amna hakuwa amepiga kelele hivyo tangu alipofiwa na mama yake. Mchukuzi hakugeuka.

Akatoa simu. Akampigia fundi, kwa namba aliyopewa alipoelekezwa. Simu ya Shukuru ikaita hapohapo mezani, chini ya magazeti.

Akampigia Muaz.

"Shangazi! Uko wapi? Dalia anakuulizia."

"Nimefungiwa, Muaz. Njoo Narung'ombe, kuna nyumba ya bati katikati ya—"

"Sikusikii vizuri. Uko na nani hapo? Mwambie apunguze sauti."

"Niko peke yangu."

"Mbona kuna mzee anataja majina yetu?"

Simu ikakatika.

Nyuma yake chuma kikalia. Kiti kilikuwa kinageuka. Polepole. Shuka ikateleza chini.

Aliyekaa alikuwa mzee mwembamba, kanzu nyeupe, kofia kichwani. Miguu yake haikufika sakafuni. Bi Amna alitafuta uso wa mgeni, akaukosa. Masikio yale yalikuwa ya baba yake. Yaleyale yaliyochongoka juu, ambayo Azzan aliyachukua, na Muaz.

"Hesabu," mzee alinong'ona. "Ukimaliza sawasawa, tunatoka."

Kuhesabu ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote duniani. Akafumba macho, akahesabu. "Zuwena, Hilali, Moza, Sefu. Salma, Azzan, Amna, Rukia. Harubu, Sabaha, Muaz, Asya, Idi."

"Umeruka mmoja."

"Sijaruka. Ni kumi na watatu."

"Hesabu tena."

Akahesabu tena. Akafika Moza, na kabla ya Sefu ulimi wake ukasimama wenyewe.

Akakumbuka.

Mwaka aliomaliza shule, baba yake alimpa bahasha ya karatasi za babu Nasoro zilizoliwa na mchwa, anakili majina yote kwenye daftari jipya. Kila jina lilikuwa na tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kunyolewa. Jina la nne lilikuwa na moja tu. Wino umekwenda, nusu ya herufi haipo. Angeuliza. Baba yake alikuwa chumba cha pili. Lakini alikuwa amekwisha kupiga mistari kwa rula, na mstari wenye pengo ungeuharibu ukurasa. Akashuka kwenye Sefu. Jioni ile karatasi za zamani zikachomwa pamoja na takataka za uani.

Hakumwambia mtu. Baada ya miaka michache hata yeye mwenyewe alikuwa hajiambii.

"Ami," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nisamehe. Nilikusahau."

"Hukunisahau. Uliniruka."

Mzee akavua kofia.

Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umenyolewa ukang'aa. Upande wa kushoto ulikuwa na nywele. Si nywele za mzee. Zilikuwa nyepesi, nyeusi, zimelala kwa unyevu, nywele za mtoto aliyezaliwa juzi. Na katikati, utosini, palikuwa na mstari mwembamba mkavu ambao Bi Amna hakutaka kuuangalia.

"Walifika hapa," mzee alisema, akaugusa kwa kidole. "Baba akafungua mdomo anitaje. Wembe ukateleza. Wakanizika hivihivi, nusu. Jina langu halikutajwa tena, mama asilisikie, na mpinini likakwanguka lenyewe. Likabaki kwenye karatasi moja. Ukaja wewe na rula yako."

"Nilikuwa na miaka kumi na saba."

"Mimi nilikuwa na siku saba."

Akateremka kwenye kiti. Nyayo zake hazikutoa sauti. Bi Amna akarudi nyuma mpaka nondo zikamshika mgongo.

"Nipe jina langu, binti Hilali. Ukinipa tunatoka sote. Usiponipa tunakaa sote. Mimi nimezoea kukaa."

Alilitafuta. Wallahi alilitafuta. Aliiona karatasi, matundu ya mchwa, wino wa kahawia. Alif moja. Labda na be. Labda ilikuwa doa tu.

"Badru?"

"La."

"Ayubu? Abeid?"

"Usinitupie ya watu wengine."

Hewa ilikuwa nzito. Ukuta wa dirishani ulionekana umesogea, saruji imeingia ndani ya fremu. Mkono wa mzee ukamshika kifundo cha mkono. Ulikuwa laini kupita kiasi, kiganja hakina hata mstari mmoja, na kucha zake zilikuwa nyembamba kama karatasi, ndefu, hazijawahi kukatwa.

"Lolote," alinong'ona. "Nitaje."

Bi Amna alikuwa na jina moja ambalo katika ukoo wao halikuwa bado la mtu. Muaz alimnong'oneza juzi ili aliandike mapema, akasema hata maalimu hajui. Lilikuwa jina la baba yake Dalia, aliyefariki Tanga miezi miwili kabla hajamwona mjukuu.

"Abdulrazak," Bi Amna alisema.

Mkono ukalegea.

"Abdulrazak," mzee akarudia, polepole, kama mtu anayeonja. "Zuri. Halijatumika?"

"Bado."

Ni baada ya neno hilo ndipo alipofahamu alichofanya. Lakini mzee alikuwa amekwisha kumpa mgongo. Alikuwa mezani, ameinama juu ya mpini wa zamani.

Krr... krr... krr...

Sindano juu ya pembe.

"Samahani mama, nimekukalisha!"

Kufuli likafunguka. Kelele za Kariakoo zikamwagika ndani zote kwa mpigo. Shukuru alikuwa anahema, waya wa shaba mkononi. Kiti cha kinyozi kilielekea dirishani, shuka juu yake. "Dakika sita tu, nimekimbia. Vipi, mbona umesimama?"

"Joto."

Fundi akakata waya, akapitisha kwenye mashimo, akagonga kwa nyundo ndogo. Tik, tik, tik. Wembe ukafunguka na kufungika bila kucheza hata kidogo. Akautazama kwa fahari, kisha akapangusa meza.

"Vile vipande vya pembe umeviweka mkobani?"

Meza ilikuwa tupu.

"Ndiyo," Bi Amna alisema. Ulikuwa uongo wake wa pili maishani, na wa kwanza ulikuwa kwenye daftari.

Alipokuwa anatoka alimsikia Shukuru nyuma akijisemea. "He! Na hizi nywele kitini za nani tena?"

Nyumbani alimkuta Muaz uani, anapanga masufuria ya kesho.

"Mbadilishieni mtoto jina."

Muaz akadhani ni utani. Alipoona si utani akaweka sufuria chini. "Shangazi, Dalia alilia wiki mbili kwa ajili ya baba yake. Jina hilo ndilo limemnyamazisha. Nimwambie nini?"

"Mwambie nimesema."

"Umesema kwa sababu gani?"

Hapo ndipo alipaswa kusema. Midomo ikafunguka. Akaliona daftari, lile ambalo watu walimalizia ugomvi wao juu yake, na mstari mmoja ndani yake ulioachwa kwa mkono wake. Ukisema mmoja, watauliza na mingine. Watauliza yote.

"Basi," alisema. "Nimechoka tu. Na yule mzee uliyemsikia kwenye simu alikuwa mteja wa fundi."

Muaz akaitikia kwa kichwa, akaonekana kufurahi kuambiwa hivyo.

Asubuhi sebule ilijaa. Maalimu aliketi kwenye mkeka, wanawake mlangoni, ubani ukifuka. Dalia akamleta mtoto kwenye kitambaa cheupe. Bi Amna akafungua wembe. Mpingo ulikaa vizuri mkononi, baridi. Akaanza upande wa kulia. Nywele zikaanguka kitambaani, nyepesi, nyeusi. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza. Mkono wa Bi Amna haukutetemeka. Alishukuru kwa hilo.

Wembe ukafika utosini.

Muaz akasafisha koo, akatabasamu kwa mkewe.

"Tumemwita Abdulrazak."

"Naam."

Ilitoka ukumbini. Sauti nyembamba, isiyo na haraka. Watu wakageuka. Mmoja akacheka. "Nani huyo kaitikia? Huyo Kitwana nini?" Kitwana, jirani yao, alikuwa amekaa karibu na maalimu, mdomo wazi. Wanawake waliokuwa mlangoni wakatazamana, kisha wakatazama nyuma yao. Ukumbi ulikuwa mtupu.

Maalimu akasoma kitu kwa sauti ya chini.

"Malizia, Shangazi," Dalia akasema. Alikuwa amekunja kitambaa ngumini. "Tafadhali. Usimwache hivyo."

Bi Amna akatazama chini. Kichwa kidogo, kulia kimenyolewa, kushoto bado. Akamalizia. Alivuta wembe kwa uangalifu ambao hakuwahi kuvuta nao kitu chochote, na hakuna tone lililotoka, na watu wakasema mashaallah.

Mtoto ana miezi saba sasa. Ni mnene, anacheka, anatambaa. Nywele zake zimeota upande wa kulia tu, ule ulionyolewa kabla jina halijatajwa. Daktari wa kliniki anasema wawe na subira, hutokea. Wembe uko kabatini, na Bi Amna hajaumulika kwa tochi kuona kama ndani ya ule mpingo kumeandikwa kitu. Daftarini ameliandika jina la mtoto, akaweka tarehe ya kuzaliwa. Ile ya kunyolewa ameiacha wazi, yeye ambaye hakuwahi kuacha pengo.

Nyumbani wanamwita Babu, au Mwanangu, au Mnene. Hawakukubaliana, wamejikuta tu. Dalia peke yake bado hujaribu jina lenyewe, hasa jioni, anapotaka kumbeba kumwogesha.

Ukimwita Abdulrazak, mtoto hageuki kwa aliyemwita. Anatazama mlangoni. Kisha anasogea pembeni kidogo, taratibu, kama mtu anayempisha mwingine.